Mapumziko ya Vuli Pamoja na Watoto Wadogo

Sisi ni watu wa Nkwenda, katika wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, karibu na mipaka ya Rwanda na Uganda. Kazi yetu ni migomba, maharage na kahawa. Leo twataka kuwasimulia safari tuliyoifanya pamoja na watoto wetu watatu katika mapumziko ya vuli: mambo yaliyotufurahisha, na usiku mmoja ambao hatutausahau.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini tulichagua vuli. Wengi hufikiri kwamba majira ya mvua si majira ya kutembea, kwa kuwa njia huteleza na nguo hazikauki. Hayo ni kweli. Walakini kwa mkulima wa huku kwetu mwanzo wa Desemba ni nafasi njema. Kahawa imekwisha kuuzwa, maharage yamekwisha kupaliliwa lakini hayajakomaa, na shule zimefungwa. Fauka ya hayo, huo ndio wakati wa senene, na mtoto wa Kagera asiyepata kuona senene wakishuka usiku amekosa jambo kubwa.

Tulipomwambia babu wa watoto shauri letu, hakupendezwa. Alisema, "Wanangu, nimesafiri sana katika ujana wangu, lakini kwa haja. Nilikwenda kuuza ng'ombe, nilikwenda kuzika, nilikwenda kutafuta kazi. Sijaona mtu akichukua mtoto wa miaka mitatu kwenda mahali pasipo na msiba wala harusi." Tena akaongeza kwamba mtoto akiugua njiani, lawama itakuwa juu yetu. Tulinyamaza, maana maneno ya mzee hayajibiwi papo kwa papo, lakini yalituingia moyoni.

Siku mbili baadaye mwalimu jirani yetu alitusaidia pasipo kujua. Alikuwa akisoma habari za nchi ya Japani, akatueleza kwamba watu wa huko, majani ya miti yanapogeuka kuwa mekundu na ya manjano kabla ya baridi, huchukua watoto wao kwenda milimani kuyatazama. Jambo hilo wana neno lake, na maana yake ni kuwinda majani mekundu; wala hawarudi na mzigo wo wote, huwinda kwa macho tu. Tena tarehe 15 Novemba wana sikukuu ya watoto wa miaka mitatu, mitano na saba. Wazazi huwavika nguo nzuri, huwapeleka mahali pa ibada kushukuru kwa kuwa wamekua, na watoto hupewa peremende ndefu kama fimbo, ndani ya mfuko uliochorwa korongo na kobe, wanyama wanaofikiriwa kuishi miaka mingi.

Tulishangaa, kwa kuwa watoto wetu ndio hao hao: msichana wa miaka saba, mvulana wa mitano, na mdogo, msichana wa mitatu. Babu naye alisikiliza, akauliza, "Je, Wajapani hao hula nini katika matembezi yao?" Mwalimu akajibu kwamba hula vitu vingi, tena katika sehemu nyingine za nchi hiyo, mpunga ukiisha kuvunwa, hukamata panzi wa mashambani na kuwapika kwa chumvichumvi na sukari. Babu akacheka sana. Akasema, "Kumbe ni watu kama sisi!" Basi ruhusa tukaipata kwa njia ya panzi.

Hatukuanza na safari ndefu. Tulitaka kuona kwanza jinsi watoto watakavyovumilia, kwa hiyo tukawapeleka siku moja Mtagata, penye chemchemi za maji ya moto, humo humo katika wilaya yetu. Wengi wenu mmesikia habari zake. Maji hutoka chini ya ardhi yakiwa moto, na tangu zamani watu wenye maumivu ya mifupa na magonjwa ya ngozi hufika kuoga. Mwaka 1876 Mzungu Stanley alipopita katika nchi ya Karagwe alizitembelea chemchemi hizo, akaandika katika kitabu chake habari za wagonjwa wanaofika huko. Wakati ule mfalme alikuwa Rumanyika, yule yule aliyewakaribisha Speke na Grant huko Bweranyange mwaka 1861. Tuliwahadithia watoto jinsi Grant alivyougua mguu, hata Speke akaendelea na safari kwenda Buganda, naye akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa. Mvulana wetu akauliza mbona hawakumleta Mtagata. Hatukuwa na jibu.

Hapo Mtagata tulijifunza jambo la kwanza. Ngozi ya mtoto mdogo si kama ya mtu mzima. Maji ambayo sisi tuliyaona ya kupendeza, mdogo wetu aliyagusa kwa kidole akalia. Basi tulichota maji katika beseni, tukayaacha yapoe, ndipo tukamwosha. Watu wazima waliokuwa pale walituona wapumbavu, kuja mahali pa maji ya moto na kuyapoza! Lakini mtoto alifurahi, akapigapiga maji, akalala usingizi njia nzima ya kurudi.

Juma lililofuata tukaondoka kwenda Bukoba, kwa mama mdogo wa watoto, ambaye nyumba yake haiko mbali na ziwa. Tuliondoka alfajiri, giza bado, kwa gari la abiria. Watoto wawili wadogo tuliwapakata magotini. Tangu Nkwenda hata Omurushaka njia ilikuwa na matope, na gari liliyumba kama mlevi. Mvulana alitapika mara mbili. Hapa twataka kuwaambia akina mama jambo moja la manufaa: msimpe mtoto chai ya maziwa kabla ya safari ya namna hiyo. Kipande cha ndizi ya kuchoma na maji kidogo vyatosha. Mifuko mitupu mfukoni pia yafaa sana, maana jirani yako katika gari hakulipa nauli ili atapikiwe.

Kutoka hapo barabara ni ya lami, nasi tukapata raha. Tulishuka milima ya Karagwe, tukaona ng'ombe wenye pembe ndefu wakipelekwa malishoni, na ukungu ukikaa mabondeni kama maziwa katika bakuli. Tulipofika Kyaka, penye daraja la mto Kagera, msichana wetu mkubwa alitaka kujua kwa nini watu wazima wote garini walinyamaza wakatazama maji. Tukamweleza kwamba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi yetu upande huu, na mwezi wa Novemba mwaka huo daraja la zamani likavunjwa kwa baruti. Watu wengi walikimbia na wengine wakafa, kisha vita ikaendelea hata mwaka 1979 Amin alipoondolewa. Alisikiliza kwa makini. Halafu akauliza, "Na watoto walivukaje?" Abiria mmoja, mama mtu mzima, akamjibu pasipo kugeuka: "Wengine hawakuvuka, mjukuu wangu." Hatukusema zaidi.

Bukoba tulifika alasiri. Sasa, wasikilizaji, ninyi mnaokaa pwani ya ziwa au ya bahari hamwezi kujua lilivyo jambo la ajabu kwa mtoto wa milimani kuona maji yasiyo na ng'ambo. Katika nchi yetu kila bonde lina upande wa pili. Mdogo wetu alipoona ziwa Viktoria alijificha nyuma ya miguu yetu, akasema kwamba nchi imekwisha. Mvulana alitaka kujua nani aliyamwaga. Tuliwaonyesha kisiwa cha Musira kilicho mbele ya mji, wapate kitu cha kushika kwa macho, na hapo woga ukapungua.

Siku ya pili woga ulikuwa umekwisha kabisa, wakataka kuoga. Tulikataa, nao wakalia mbele ya watu. Yafaa tueleze sababu. Katika maji ya ukingoni, hasa yaliyotulia penye majani, huishi konokono wadogo, na ndani ya konokono hao hukua vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu pasipo yeye kusikia kitu. Baadaye mtoto huumwa tumbo, huona damu katika mkojo au katika choo, hupungua nguvu, na shuleni hulala. Watoto wa wavuvi tuliwaona wakiogelea, na ni kweli kwamba wao hawana mahali pengine pa kuchezea. Sisi hatukutaka kumpelekea babu mtoto mwenye kichocho. Badala ya kuoga tuliwanunulia samaki, sato wa kukaanga, nao walikula hata mifupa ikang'aa. Machozi yalikauka upesi.

Jambo la meli lilikuwa gumu zaidi. Watoto waliiona bandarini meli ya Viktoria, iendayo Mwanza, ambayo ilirudi majini mwaka 2020 baada ya kutengenezwa upya, wakatusihi tuwapandishe. Mmoja wetu alikuwa tayari. Mwingine hakuweza hata kusikia habari hiyo, kwa sababu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, nyumbani kwao waliondoka watu wawili na hakurudi hata mmoja. Twakiri kwamba tulibishana pale pale gatini, kwa sauti ya chini, watoto wakitutazama. Yule wa kwanza alisema kwamba meli hii si ile, na kwamba mtu hawezi kuishi kwa hofu. Yule wa pili alisema kwamba anajua hayo yote. Mwisho tulikaa juu ya mawe, tukaitazama meli ikipakia ndizi na watu, hata ikang'oa nanga. Watoto waliipungia mikono. Hatukupanda, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Usiku wa tatu ndio senene waliposhuka. Mchana mvua ilikuwa imenyesha, kisha anga likawa jeupe. Mama mdogo alinusa hewa akasema, "Leo watakuja." Kweli, baada ya saa mbili usiku, vijana walio na taa kali waliziwasha, na mbele yake walikuwa wamesimamisha mabati yanayong'aa, chini yake mapipa. Senene hupenda mwanga. Huja kutoka gizani kama mvua nyingine, hupiga bati, huteleza, huanguka ndani ya pipa asiweze kupanda tena. Wengine ni kijani, wengine rangi ya udongo. Siku hizi kazi hiyo ni biashara kubwa, na mwenye taa na mabati huuza kwa magunia. Lakini pembeni, chini ya taa ya barabarani, kila mtu ana haki yake, na hapo ndipo tulipokuwa sisi, na vikopo na chupa za maji, tukiokota mmoja mmoja. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Msichana mkubwa alijaza chupa yake. Mvulana alipata kumi na nne, akawahesabu tena na tena. Mdogo alimshika mmoja, akamwonea huruma, akamwachilia. Kisha akamshika tena yule yule, au ndugu yake.

Wajapani na wawinde majani yao. Sisi tulifikiri usiku ule kwamba mawindo yetu ni bora, maana huliwa. Mama mdogo aliwafundisha watoto kunyofoa mabawa na miguu, kisha akawakaanga senene pasipo mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe, akatia chumvi na kitunguu. Alituambia kwamba zamani kwa jirani zetu Waganda wanawake waliwakusanya senene lakini hawakuruhusiwa kuwala, waliliwa na waume. Akajaza mdomo wake, akasema kwamba afadhali desturi hiyo imekufa.

Mdogo wetu hakula. Tulidhani ni usingizi. Usiku wa manane tukasikia akilia kidogo, tukamgusa, mwili wake ulikuwa moto kama jiko.

Wasikilizaji, maneno ya babu yalirudi yote mara moja. Tulimvua nguo, tukampangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, tukampa maji kijiko baada ya kijiko. Mmoja wetu alisema ni uchovu wa safari, tungoje hata mchana, huenda homa itashuka. Jirani aliyeamka kwa sauti zetu alitaka tununue dawa dukani alfajiri na kumpa pasipo kupima. Mwingine wetu alisema kwamba mtoto wa miaka mitatu hangojwi. Kweli ilikuwa kwake. Malaria yaweza kumbadili mtoto mdogo kwa saa chache: anakuwa mlegevu, hanyonyi wala hanywi, anapatwa na degedege, naye aliye mbali na hospitali huwa amechelewa. Hatukungoja jua. Tulimfunga mgongoni, tukachukua pikipiki, tukaenda.

Huko walimtoboa kidole, wakatia tone la damu katika kipimo kidogo, na baada ya robo saa hivi mistari miwili ikaonekana. Ilikuwa malaria. Walimpima uzito, wakatupa dawa ya mseto kwa kadiri ya uzito huo, na kutuagiza hivi: kipimo cha kwanza sasa, cha pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, tena tumalize dawa yote hata kama mtoto anacheza siku ya pili.

Mmoja wetu, kwa uchungu, alisema, "Ni sisi tuliomleta kwenye mbu wa ziwani." Tabibu, kijana mpole, akauliza tumefika lini. Tukamjibu kwamba huu ni usiku wa tatu. Akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba mbu akimwuma mtu leo, vijidudu vya malaria havimpi homa kesho. Huenda kwanza katika ini, vikakaa humo vikizaana, ndipo huingia katika damu. Na tangu kuumwa hata kuugua hupita siku saba au zaidi, aghalabu majuma mawili. "Basi," akasema, "mbu aliyemwuma mtoto huyu si wa Bukoba. Ni mbu wa kwenu." Tulitazamana. Tulikuwa tumeitazama safari kwa hofu siku zote hizo, tukafunga chandarua kipya katika mzigo, tukakitundika kila usiku kwa mama mdogo, ilhali ugonjwa tulikuwa tumeubeba kutoka nyumbani, tukaupakata magotini njia nzima.

Siku mbili zilizosalia hatukutembea. Tulikaa barazani, tukimpa mtoto uji na dawa kwa saa zake, na wale wakubwa wakicheza na watoto wa jirani. Labda hizo zilikuwa siku njema kuliko zote. Nyumbani hatukai hivyo. Daima kuna jembe, kuna kuni, kuna mtu mlangoni. Msichana mkubwa alichora ziwa kwa mkaa juu ya sakafu, akachora na meli, na ndani ya meli akatuchora sote watano. Hakuna aliyemwambia afute.

Siku ya tatu homa ilikuwa imekwisha, na dawa tuliimaliza kama tulivyoagizwa. Tukarudi. Safari hii mvulana hakutapika, maana hatukumpa chai. Babu alikuwa amekaa njiani akitungoja. Alikuwa amepata habari kwa simu. Alimchukua mdogo, akamtazama macho, akamtazama ulimi, akamweka chini. Tulimweleza habari ya tabibu na ya mbu wa kwetu. Alifikiri kitambo, akasema kwamba hata Grant huenda aliuleta mguu wake kutoka kwao. Kisha akauliza wako wapi senene. Tulimletea kopo zima. Alikula polepole, mmoja mmoja, akiwauliza watoto kila mmoja alikamatwa na nani, nao walimjibu pasipo haya kwamba wote wamekamatwa na wao.

Jioni ile ile tulichukua taa, tukakichunguza chandarua cha nyumbani, kile wanacholalia watoto. Upande wa ukutani, mahali pa mdogo, palikuwa na tundu la kupita vidole viwili. Tulitafuta sindano na uzi, tukakaa kitandani wote wawili, mmoja akishika taa na mwingine akishona, na yule msichana wa miaka mitatu akitusimamia, akihesabu mishono kwa namna yake: moja, mbili, tano.